Maswali ya Wasomaji: Wiki ya Mke na Mume Jijini Lisbon

Barua za toleo hili zimetoka pande zote za Ziwa Victoria, na zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mke na mume wakijaliwa kupata wiki moja ya kuwa peke yao katika mji wa kale wa Ulaya, waende wapi na waitumie vipi. Kwa kuwa jibu la barua ya kwanza liliangukia Lisbon, nimewaomba walioandika baadaye waniruhusu niwajibu kwa kuufuata mji huohuo.

Swali. Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mume wangu ni fundi wa boti. Juni mwakani tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya safari. Wakala mmoja ametupangia Paris, Amsterdam, Venice, Rome na Barcelona ndani ya siku saba. Mume wangu anaona ni bahati kubwa kuiona miji yote hiyo kwa mkupuo. Mimi naona tutarudi hoi. Kama ni mji mmoja, uwe upi, na siku saba zitatosha kufanya nini?
*Msomaji wa Pasiansi, Mwanza*

Jibu. Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kufika miaka kumi mkiwa bado mnatamani kusafiri pamoja. Nakubaliana nawe bila kusita. Miji mitano kwa siku saba maana yake ni kufungasha mizigo kila baada ya usiku mmoja au miwili, kuwahi uwanja wa ndege alfajiri, kisha kukaa mapokezi ya hoteli mkisubiri chumba ambacho kwa kawaida hakitolewi kabla ya alasiri, na kila uhamisho wa namna hiyo hula nusu ya siku. Mtapata picha za minara, lakini yale mazungumzo ambayo nyumbani hukatizwa na watoto, simu na madaftari ya kusahihisha mtakuwa hamkuyapata. Chagueni mji mmoja, mlale katika chumba kimoja usiku wote, na kila siku pangeni jambo moja tu la asubuhi, mkiiacha jioni iwe yenu.

Mji ninaowapendekezea ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Umejengwa juu ya vilima vinavyoteremka hadi mto Tejo, mahali ambapo mto huo umepanuka sana kabla ya kuingia katika bahari ya Atlantiki, kiasi kwamba mtu aliyezoea kutazama maji kutoka Capri Point hatajiona mgeni. Sehemu zake za kale zinatembeleka kwa miguu. Na mwezi mliouchagua, pengine bila kujua, ndio mwezi wa wapendanao wa mji huo.

Tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, ambaye wengi humjua kama Antoni wa Padua ingawa alizaliwa Lisbon mwishoni mwa karne ya 12, na ambaye Wareno humwona kuwa msimamizi wa wachumba. Mkesha wake, tarehe 12, mitaa ya Alfama na Mouraria hupambwa kwa karatasi za rangi, dagaa wakubwa wa baharini huchomwa juu ya mkaa mlangoni mwa nyumba, na watu hucheza hadi usiku wa manane. Siku hiyohiyo Halmashauri ya Jiji huwaozesha kwa pamoja wachumba kadhaa, desturi iliyoanza mwaka 1958, ikasimama baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 na kurejeshwa mwaka 1997. Lakini ninalopenda zaidi katika sikukuu hiyo ni dogo na halina gharama kubwa. Wauzaji hupanga barabarani vyungu vidogo vya mrehani wenye majani madogo yaliyosongamana hadi ukawa kama mpira wa kijani, na katika kila chungu huchomekwa ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mistari minne ya mapenzi. Chungu hicho mtu humpa ampendaye. Wala mrehani huo haunuswi kwa kuinamisha pua, kwa sababu husemwa kwamba utanyauka. Unaupapasa taratibu kwa kiganja, kisha unanusa kiganja chako. Mwambieni mume, kabla hamjaondoka, kwamba chungu hicho ni wajibu wake.

Siku ya kwanza msipange kitu, kwa kuwa hakuna ndege iendayo Lisbon moja kwa moja kutoka Tanzania, na mtakuwa mmeunganisha safari mahali kama Istanbul au Dubai. Ogeni, laleni, kisha jioni teremkeni hadi Praça do Comércio, uwanja mpana uliofunguka upande wa mto. Mwezi Juni jua la Lisbon huzama saa tatu usiku na dakika chache, wakati sisi huku kiza hutukuta saa moja, kwa hiyo mtakuwa na mwanga mrefu wa kutembea hata baada ya chakula. Kumbukeni pia kwamba tiketi zao huandikwa kwa saa zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane: palipoandikwa 15:00 ni saa tisa alasiri, na palipoandikwa 21:00 ni saa tatu usiku. Wageni kadhaa kutoka kwetu wamekosa treni kwa sababu ya hilo.

Kutoka uwanja huo mtaona mitaa iliyonyooka kama iliyopigwa rula, na inafaa mjue sababu yake, kwa kuwa ndiyo inayoueleza mji mzima. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, Lisbon ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Walionusurika walikimbilia ukingoni mwa mto kutafuta mahali pa wazi, na huko mawimbi makubwa ya bahari yakawafuata. Kisha moto ukateketeza kwa siku kadhaa yale yaliyosalia. Jumba la mfalme lililokuwa hapo penye uwanja lilitoweka pamoja na maktaba yake. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka na nyumba za kimo kimoja, na ndani ya kuta zake mafundi waliweka fremu za mbao zilizopishana kama tundu la ndege, ili nyumba iweze kutikisika bila kuanguka. Mumeo, akiwa fundi wa boti, atafurahi kuelezwa kazi hiyo ya mbao kuliko atakavyofurahia makumbusho yoyote ya picha.

Alfama, mtaa ulio ubavuni mwa kilima cha Ngome ya São Jorge, uliponea kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana vichochoro vyake bado vinapinda kama vilivyopinda enzi za Waislamu walioutawala mji hadi mwaka 1147. Huko nendeni asubuhi na mapema bila ramani. Nguo huanikwa madirishani, majirani huitana kutoka ghorofa hadi ghorofa, na ukuta mmoja baada ya mwingine umefunikwa kwa vigae vyeupe vyenye michoro ya buluu. Mkichoka kupanda, kuna vibaraza vya kutazamia mji vyenye viti na kivuli. Cha Santa Luzia kina maua na vigae, na cha Senhora do Monte kiko juu zaidi na kinafaa jioni. Tramu ya namba 28, ile ya manjano inayopigwa picha na kila mgeni, hujaa mno mchana na vibaka huipenda. Ipandeni asubuhi mapema kutoka kituo chake cha mwanzo cha Martim Moniz, mkipenda, la sivyo miguu yenu itawatosha.

Siku moja katikati ya wiki iwe ya Sintra, mji mdogo wa milimani ambako treni kutoka kituo cha Rossio hufika kwa takriban dakika 40. Huko ndiko Mfalme Ferdinand II, mume wa Malkia Maria II, alikojenga katika karne ya 19 jumba la Pena, lenye kuta nyekundu na za manjano juu ya kilele chenye msitu na ukungu. Tiketi ya jumba hilo huwa na saa maalumu ya kuingia, hivyo inunuliwe mapema mtandaoni. Wengi hujaribu kuona majumba manne kwa siku moja. Nyinyi oneni mawili, na muda uliobaki mtembee msituni. Chukueni sweta, hata kama Lisbon kuna joto, kwa kuwa mlima huo una hali ya hewa yake.

Makumbusho na majengo mengi ya serikali hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu yenu iwe ya mto. Pandeni kivuko katika gati la Cais do Sodré kuelekea Cacilhas, safari ya dakika chache tu. Wakazi huitumia kwenda kazini na nauli yake ni ndogo. Ng'ambo ya pili tembeeni ukingoni mwa maji kuelekea kwenye daraja jekundu la tarehe 25 Aprili, lililofunguliwa mwaka 1966, mkae hapo hadi taa za mji zianze kuwaka upande mliotoka. Na siku moja kamili iacheni bila mpango wowote. Wakala wenu atashangaa, lakini hiyo ndiyo siku ambayo wanandoa wengi huikumbuka.

Swali. Mume wangu ni mwalimu wa historia. Nilipomtajia safari ya Ulaya kwa ajili ya maadhimisho ya ndoa yetu, alisema hawezi kutembea kwa raha katika mji uliojengwa kwa mali iliyoporwa kwetu, na Wareno ndio walioanza. Namheshimu, lakini natamani safari hii. Nimwambie nini?
*Msomaji wa Musoma*

Jibu. Dada yangu, usimwambie kwamba amekosea, kwa sababu hakukosea. Mwambie kwamba Lisbon kuna ushahidi ambao mwalimu wa historia wa Tanzania anastahili kuuona kwa macho yake, na kwamba ungependa kusimama naye siku atakapouona.

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaliyoko mtaa wa Janelas Verdes, kuna chombo cha dhahabu cha ibada ya Kikatoliki kiitwacho Custódia de Belém. Kimo chake ni zaidi ya nusu mita. Juu kina nguzo nyembamba kama za kanisa dogo, katikati mitume 12 wamepiga magoti kila mmoja akiwa na vazi la rangi yake, na chini, kuzunguka kitako, kuna maandishi yasemayo kwamba Mfalme Manuel I aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo, kwa tahajia ya Kireno ya wakati huo: Qilva. Dhahabu hiyo ililetwa na Vasco da Gama aliporudi mwaka 1503 kutoka safari yake ya pili, baada ya kuielekeza mizinga yake Kilwa mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, akubali kulipa kodi kila mwaka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1505, kundi la meli za Francisco de Almeida lilifika likauteka mji na kuupora. Anayefundisha habari hizo darasani kwa chaki na ramani, akiisoma Qilva kwenye dhahabu yenyewe, sidhani kama atafundisha tena kwa namna ileile.

Mpeleke kisha Belém, kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na uligharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya biashara ya viungo kutoka Asia na bidhaa za Afrika. Vasco da Gama amezikwa humo, karibu na mlango. Watalii wengi huinua macho kuzitazama nguzo za mawe zilizochongwa kama kamba za meli, nazo kwa kweli ni nzuri. Mume wako atajua pia zililipiwa na nani. Mtaa wa Poço dos Negros unahusu watu wetu zaidi ya dhahabu: unakumbusha shimo ambalo Mfalme Manuel aliamuru mwaka 1515 lichimbwe ili maiti za watumwa Waafrika zitupwe humo badala ya kuachwa juu ya ardhi. Katikati ya karne hiyo Waafrika walikadiriwa kuwa karibu mtu mmoja kati ya kila kumi mjini.

Lakini usimwache hapo. Mchukue hadi uwanja mdogo wa Largo do Carmo, mbele ya magofu ya kanisa lililopoteza paa katika tetemeko la mwaka 1755 na kuachwa hivyo hadi leo, matao yake yakiwa wazi kwa anga. Uwanja huo una kivuli cha mijakaranda, ambayo huchanua zambarau kuanzia Mei hadi Juni. Tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu wa utawala wa kidikteta, Marcelo Caetano, alikuwa amejificha katika kambi ya askari iliyoko hapo, umati ukiwa umeujaza uwanja, na jioni akasalimu amri. Wanajeshi waliompindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji viliendeshwa na chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakifundishwa katika ardhi yetu, pamoja na Nachingwea. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kwa hiyo Mtanzania akikaa kwenye benchi la Largo do Carmo ana haki ya kujua kwamba nchi yake ilikuwa na mkono katika uhuru wa Wareno wenyewe, na mimi naona ni mahali pazuri sana kwa mke na mume kunywa kahawa.

Kabla ya kwenda, hakikisheni katika tovuti ya kila makumbusho kwamba yako wazi, kwa kuwa majengo ya kale hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati. Na mkipata siku tatu nyingine mwaka huo, nendeni Kilwa Kisiwani.

Swali. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa ya kimila, na kila mmoja ana biashara yake. Je, tutaomba viza kwa pamoja? Nimesikia wengi hunyimwa.
*Msomaji wa Bukoba*

Jibu. Ndugu yangu, kila mmoja hujaza fomu yake na kulipa ada yake, hata kama mnasafiri pamoja. Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ombi hupelekwa kwa ubalozi unaoshughulikia viza za Ureno, mradi huko ndiko mtakakokaa siku nyingi zaidi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Ombi huweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, ingawa linaweza kufika hata siku 45. Mimi ningewasilisha miezi mitatu kabla, kwa sababu kwenye ombi la kwanza mtatakiwa kufika wenyewe kutoa alama za vidole, na kutoka Bukoba hiyo ni safari yenye gharama zake.

Pasi ya kusafiria iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayoondoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Tiketi ya ndege msiilipie kikamilifu kabla ya viza. Chukueni nafasi iliyoshikiliwa tu, au inayoweza kufutwa.

Kuhusu kunyimwa, ofisa anayesoma ombi hujiuliza zaidi kama mtarudi. Mjibuni kwa karatasi: leseni za biashara, hati ya kiwanja au nyumba, taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia na kutoka kwa utaratibu wa kawaida, barua za shule za watoto mnaowaacha. Fedha nyingi zilizotumbukizwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya ombi huleta shaka kuliko akiba ndogo iliyokua polepole. Ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria yetu ya mwaka 1971, na ingawa kila ombi linajitegemea, ningewashauri muisajili ili mpate cheti, kwa kuwa ofisa wa kigeni huelewa cheti haraka kuliko maelezo. Wekeni pia kando kodi ya wageni ya Jiji la Lisbon, ambayo ni euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa watu wawili wakilala usiku saba ni euro 56, na mara nyingi hudaiwa hotelini juu ya bei mliyokwisha kulipa.

Swali. Watoto wetu wamejitolea kutulipia safari kama hiyo. Mume wangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na anasema mambo ya mahaba ni ya vijana. Mji wenye vilima tutauweza?
*Mama wa Sengerema*

Jibu. Shikamoo Mama, na mfikishie Baba salamu zangu. Mtauweza, mkilala bondeni. Tafuteni hoteli yenye lifti katika mtaa wa Baixa, ambao ni tambarare, wala msishawishiwe na vyumba vya Alfama vyenye mandhari nzuri na ngazi themanini za kupanda. Kwenda Belém pandeni tramu ya namba 15, ambayo mabehewa yake ya kisasa yana sakafu ya chini na hufuata ukingo wa mto bila kupanda kilima. Jambo la kuwa nalo makini zaidi ni njia za waenda kwa miguu: zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono katika mapambo ya mawimbi na nyota, na kwa miaka mingi nyayo za watu zimevisugua hadi vikawa laini mno. Mvua ikinyesha kidogo tu huteleza vibaya. Baba avae viatu vya soli ya mpira vilivyokwisha kuzoea mguu, asinunue vipya kwa ajili ya safari. Kwenye malango ya majengo ya kale ulizieni punguzo la wazee waliozidi miaka 65.

Kuhusu mahaba, mwambie Baba kwamba Lisbon ina muziki ambao vijana wengi hawana subira nao. Unaitwa fado, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2011. Huimbwa usiku katika vyumba vidogo vya Alfama na Mouraria baada ya watu kuanza kula. Taa hupunguzwa, wahudumu husimama pale walipo, na hakuna anayeruhusiwa hata kugonga kijiko kwenye sahani. Mwimbaji husimama bila kucheza, mara nyingi mwanamke mwenye shali nyeusi mabegani, nyuma yake gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 na gitaa la kawaida. Anaimba habari za waliosafiri na walioachwa, za bahari iliyomchukua mume, za mtaa uliobadilika. Si lazima kuelewa maneno. Aliyeufanya muziki huo ujulikane duniani ni Amália Rodrigues, aliyefariki mwaka 1999 na ambaye masalia yake yako katika Jengo la Mashujaa wa Taifa, hapohapo jirani na Alfama. Watu waliokaa pamoja miaka mingi, waliozika wazazi na kulea watoto, hupata katika nyimbo hizo kitu ambacho wenye fungate hawajawa na sababu ya kukipata. Wekeni nafasi mapema na muombe meza isiyo mlangoni. Na wala Baba asione haya kukushika mkono njiani. Kule wazee hufanya hivyo kila jioni, na kwenye vijiwe vile atakuhitaji.

Swali. Mimi ni mfanyabiashara wa kayabo na dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Mke wangu hali nguruwe, nami nikikosa samaki siku mbili najiona mgonjwa. Tutakula nini huko?
*Msomaji wa Kirumba*

Jibu. Bwana, wewe utakuwa nyumbani kuliko wote walioandika. Chakula wanachojivunia Wareno ni bacalhau, ambaye kwa lugha ya Mwaloni ni kayabo: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao. Tofauti ni kwamba yeye ni chewa wa maji baridi ya kaskazini, na wengi hutoka Norway na Iceland, kwa hiyo Wareno wanampenda kupita kiasi samaki asiyepatikana katika bahari yao. Pita mtaa wa Rua do Arsenal, karibu na Praça do Comércio, uone maduka yaliyompanga kwa marundo kwa ukubwa na unene, akikatwa vipande mbele ya mteja. Utatamani kuuliza bei za jumla. Kabla ya kupikwa huloweshwa siku nzima au mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa. Kwa mara ya kwanza agizeni bacalhau à Brás, aliyechambuliwa na kuchanganywa na mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa vyembamba sana, kwa kuwa hana miiba ya kuwahangaisha. Mwezi Juni ni msimu wa sardinha, wale dagaa wakubwa wa kuchoma niliowataja, ambao huletwa wazima, na kichwa chao, juu ya mkate au pamoja na viazi.

Mkeo ajihadhari na supu ya kijani iitwayo caldo verde, ambayo karibu kila mara huwa na kipande cha soseji ya nguruwe, na pia na wali wa maharage, ambao huweza kuwa na nyama hiyo hata kama haikutajwa kwenye orodha. Neno la kumwambia mhudumu ni "sem porco". Maeneo ya Martim Moniz yana migahawa mingi ya watu wa Bangladesh na Pakistan inayouza nyama halali, pilau na sambusa, na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha, ambako treni ya chini ya ardhi inafika.

Jambo moja huwaudhi wageni bila sababu. Mkikaa tu mezani, mhudumu ataleta mkate, zeituni, jibini na siagi kabla hamjaagiza chochote. Hivyo si takrima ya mwenye mgahawa, kila kimoja kina bei yake. Mnavyokula mtavilipia, na msivyovigusa havipaswi kuingia kwenye hesabu. Kama hamvihitaji, mwombeni kwa upole aviondoe mara tu anapovileta.